Maisha ya Wilhelm Haarmann

Baba yangu ni mkulima wa vanila. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu, nasi hulichavusha kwa kijiti, moja baada ya jingine. Basi nilipofundishwa darasani kwamba harufu ile hutengenezwa kiwandani, nilikasirika, nikatafuta habari za mtu aliyeianzisha kazi hiyo.

Wilhelm Haarmann alizaliwa mwaka 1847 katika mji wa Holzminden, Ujerumani. Alisomea kemia Berlin, akafanya kazi pamoja na mwenzake Ferdinand Tiemann. Walichukua utomvu wa misonobari, wakatoa ndani yake kitu kiitwacho koniferini. Wakaiondolea sukari iliyoshikamana nayo, kisha wakaitia oksijeni kwa njia ya asidi ya kromiki. Mwaka 1874 wakapata vanilini: atomu 8 za kaboni, 8 za hidrojeni na 3 za oksijeni. Haarmann akafungua kiwanda kwao Holzminden. Alifariki mwaka 1931, akiwa na umri wa miaka 83.

Je, Bwana huyo alikuwa mdanganyifu? Nilidhani hivyo, lakini sivyo. Vanilini ni ile ile, itoke katika msonobari au katika shamba letu. Tofauti ni kwamba tunda la vanila lina vitu vingine vingi vyenye harufu, ambavyo vanilini ya kiwandani haina. Lakini hiyo ya kiwandani ni rahisi, nayo imewafikishia ladha hiyo watu wasioweza kununua tunda.

Nilipomweleza baba haya yote, aliniuliza bei ya chupa tu, kisha akarudi kwenye maua yake.