Samora Machel: Muuguzi aliyesoma huku familia ikikua

MZAZI mwenye watoto wadogo anayeanza mafunzo ya uuguzi mjini Songea huingia darasani na mzigo usioandikwa kwenye fomu ya chuo. Mzigo huo aliujua vyema hayati Samora Moises Machel, Rais wa kwanza wa Msumbiji huru, ambaye kabla ya kushika bunduki alikuwa muuguzi, na ambaye ndoa yake ilifungwa Tunduru, katika mkoa huohuo wa Ruvuma.

Samora alizaliwa Septemba 29, 1933 huko Chilembene, mkoani Gaza, katika familia ya wakulima. Milango ya elimu iliyokuwa wazi kwa Mwafrika chini ya Wareno ilikuwa michache, na uuguzi ulikuwa mmojawapo. Mwaka 1954 alianza kujifunza kazi hiyo katika Hospitali ya Miguel Bombarda, Lourenço Marques, mji ambao leo unaitwa Maputo.

Alifanya kazi hospitalini na kujiendeleza katika masomo ya usiku. Alipokuwa katika kisiwa cha Inhaca alianza maisha na Sorita Tchaicomo, aliyemzalia watoto wanne. Muuguzi mweusi alilipwa kidogo kuliko mzungu aliyefanya kazi ileile, na dhuluma hiyo ilimsukuma katika siasa.

Mwaka 1963 aliondoka kwa siri, akapitia Botswana hadi Dar es Salaam kujiunga na FRELIMO. Watoto wake walibaki na mama zao. Mdogo kuliko wote, aliyezaa na muuguzi mwenzake Irene Buque, alikuwa bado mchanga. Sifa ya ukombozi ikamwendea baba. Ulezi ukabaki mikononi mwa wanawake.

Vita vya ukombozi vilianza Septemba 25, 1964. Upande wa Tanzania wa Mto Ruvuma, FRELIMO iliendesha kituo cha elimu cha Tunduru, mashariki ya Songea, kwa ajili ya watoto wa Msumbiji. Hapo ndipo, Mei 1969, Samora alipomwoa mpiganaji Josina Mutemba. Novemba mwaka huo walipata mtoto wa kiume.

Josina aliongoza Idara ya Mambo ya Jamii ya FRELIMO, akishughulikia vituo vya kulelea watoto, wakiwamo yatima wa vita. Kwa njia hiyo mama aliweza kwenda kusoma, kuuguza au kupigana, akijua kuwa mwanawe ana mlezi. Hata hivyo aliugua, akafariki Dar es Salaam Aprili 7, 1971, akiwa na umri wa miaka 25. Mwanawe alikuwa hajatimiza miaka miwili.

Msumbiji ilipata uhuru Juni 25, 1975. Mwezi mmoja baadaye, Julai 24, serikali ya muuguzi huyo wa zamani ilitaifisha huduma za afya na elimu. Samora alifariki Oktoba 19, 1986, ndege yake ilipoanguka Mbuzini, Afrika Kusini.

Maisha yake yanaonyesha kuwa juhudi za mwanafunzi mzazi pekee hazitoshi. Ulezi ulipoachwa kuwa suala la nyumbani, mama ndiye aliyeubeba. Ulipofanywa jukumu la jamii nzima, mama naye alipata muda wa kusoma.