Walter Rodney: Mwalimu Ambaye Darasa Halikumtosha

Kwa wengi wetu tuliosoma historia sekondari, Walter Rodney ni jina la kwenye notisi tu. Unalikariri, unalichomeka kwenye insha ya mtihani, unapata maksi zako, kisha maisha yanaendelea. Ukifika chuo unakuta bado yupo, kwenye midahalo, kwenye makala za jarida kama hili. Kila mtu anamtaja ila wachache wanaweza kukuambia jamaa alikuwa nani, aliishi vipi na kwa nini alikufa.

Mimi nimelazimika kumsoma upya mwaka huu. Nilipangiwa BTP Mhunze, kwetu, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, nikapewa kidato cha tatu historia. Mada ni uchumi wa kikoloni. Sasa hebu fikiria, unafundisha kilimo cha pamba cha wakati wa mkoloni mbele ya watoto ambao jana jioni walikuwa shambani wanachuma pamba. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akauliza kama yale ninayoandika ubaoni yamekwisha au bado yanaendelea. Notisi zangu hazikuwa na jibu. Basi nikarudi kwa Rodney, na safari hii sikuanza na kitabu, nilianza na mtu mwenyewe.

Alizaliwa Georgetown tarehe 23 Machi 1942, katika nchi ambayo leo ni Guyana na wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Wakazi wake wengi ni uzao wa Waafrika waliopelekwa utumwani na wa vibarua walioletwa kutoka India kwa ajili ya mashamba ya miwa. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Siasa ziliingia nyumbani mapema, maana wazazi wake walikiunga mkono chama cha PPP cha Cheddi Jagan, na Walter akiwa mtoto wa miaka 11 alikuwa akipita mtaani kugawa vipeperushi. Chama kile kilishinda uchaguzi wa mwaka 1953. Hata miezi sita haikuisha, Uingereza ikatuma askari na kusimamisha katiba. Mtoto wa fundi cherehani akajua mapema kwamba kura unaweza kupiga, ukashinda, na bado usitawale.

Darasani alikuwa moto. Alipata nafasi Queen's College, shule kubwa ya Georgetown, akaenda Chuo Kikuu cha West Indies kule Mona, Jamaica, akamaliza historia mwaka 1963 kwa daraja la kwanza. Kutoka hapo akaenda London, SOAS, kusoma udaktari. Alijifunza Kireno na Kihispania ili aweze kusoma mwenyewe nyaraka za wafanyabiashara ya utumwa wa pwani ya Upper Guinea. Mwaka 1966 akapata PhD akiwa na miaka 24. Wengi wetu katika umri huo bado tunasubiri boom liingie. Ila kilichomjenga kule London zaidi ya maktaba ni kikundi cha kusoma kilichokuwa kikikutana kwa mwanamapinduzi mkongwe C.L.R. James. Humo vijana wa Karibiani walisoma vitabu vya siasa mstari kwa mstari na kubishana. Hawakuwa na mtihani wala cheti. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Mwaka huohuo wa 1966 akaja Dar es Salaam kufundisha. Na alifika wakati wenyewe! Oktoba mwaka ule wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akawafukuza zaidi ya 300. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Mwezi uliofuata ukafanyika mkutano chuoni kuuliza chuo kikuu kina kazi gani katika nchi ya kijamaa, na walimu wa mrengo wa kushoto, Rodney akiwa mmoja wao, walitaka masomo yabadilishwe ili mwanafunzi wa sheria au uhandisi naye aielewe jamii anayokwenda kuitumikia. Mwaka huo pia wanafunzi wenyewe waliunda USARF, kikundi chao cha kimapinduzi, na mwenyekiti wake akawa kijana kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni.

Rodney aliondoka kwenda kufundisha Mona mwanzoni mwa 1968. Hakukaa hata mwaka. Baada ya vipindi alikuwa anatoka getini, anakwenda mitaa ya makabwela wa Kingston, anakaa chini na Marasta na vijana wasio na kazi, wanazungumza historia ya Afrika. Serikali ya Jamaica ikaona huyu mtu ni hatari. Oktoba 15, 1968, akitoka kwenye mkutano Montreal, alizuiwa kushuka kwenye ndege. Kesho yake wanafunzi waliandamana, wananchi wa mjini wakajiunga, Kingston ikawaka moto na watu wakapoteza maisha. Mazungumzo yake ya vijiweni yakatoka kama kitabu mwaka 1969.

Mwaka huo akarudi Dar na kukaa mpaka 1974, yeye na mkewe Patricia na watoto wao. Hii ndiyo miaka inayotuhusu sisi zaidi. Wanafunzi wa USARF walikuwa na darasa lao la itikadi siku za Jumapili, na Rodney alikuwa mtu wa humo. Walianzisha jarida lao, Cheche, ambamo Issa Shivji, akiwa bado kijana, alichapisha mwaka 1970 uchambuzi wake wa mapambano ya kitabaka nchini. Novemba mwaka huohuo serikali ikalifunga jarida pamoja na USARF yenyewe, kwa hoja kwamba Umoja wa Vijana wa TANU unatosha.

Hapo ndipo ninapoona maisha ya Rodney ni magumu kuliko tunavyoyasimulia. Tunapenda kusema aliipenda Tanzania na Tanzania ikampenda. Ni kweli, ila nusu. Desemba 1969 alitoa hotuba kwenye semina ya vijana, akasema mapinduzi ya Afrika bado hayajafika, kwamba viongozi wengi waliopokea uhuru wameshindwa kazi na mabadiliko hayatakuja kwa upole. Gazeti la TANU, The Nationalist, likamjibu kwa tahariri kali, likimwonya mgeni asitumie ukarimu wa nchi kuchochea kuangushwa kwa serikali za jirani. Rodney akajibu kwa barua. Alikubali kwamba nchi iliyompokea ina mipaka yake, lakini hakuikana hoja yake. Hakufukuzwa. Aliendelea kufundisha.

Mimi nadhani hapa kuna somo kwa pande zote mbili. Kwa mwalimu, kwamba unaweza kuiunga mkono siasa ya nchi na bado ukaikosoa, na kuikosoa si kuisaliti. Rodney aliandika kuutetea Ujamaa akisema unaweza kukutana na ujamaa wa kisayansi, na wakati huohuo alikuwa na wanafunzi waliosema wazi kwamba nyuma ya mashirika ya umma kunazaliwa tabaka jipya la wakubwa. Kwa dola, kwamba gazeti kujibu hoja kwa hoja ni jambo la heshima, na kufunga jarida la wanafunzi ni jambo lingine kabisa. Yote mawili yalitokea katika nchi moja ndani ya mwaka mmoja.

Mwaka 1972 kikatoka kitabu chenyewe, How Europe Underdeveloped Africa, kilichochapishwa kwa pamoja London na Dar es Salaam. Alikiandika hapa hapa nchini. Nikiwa Mhunze nilikisoma jioni baada ya kusahihisha madaftari, na nikaona vitu viwili.

Cha kwanza, kinachohusu pamba. Rodney anaeleza kwamba mkulima mdogo anaweza kunyonywa sawasawa na kibarua hata kama hana bosi anayemwona kwa macho. Bei inapangwa mbali, na faida kubwa inapatikana kule zao linakogeuzwa kuwa bidhaa. Sasa tazama Kishapu. Mkulima analima, anapalilia, anachuma, anasubiri msimu wa ununuzi ufunguliwe mwezi Mei, anapeleka AMCOS. Kiwandani pamba inachambuliwa, mbegu zinakamuliwa mafuta, na sehemu kubwa ya pamba nyuzi inasafirishwa nje. Bei ya kilo moja inamfuata yeye kutoka soko la dunia, hakuitunga. Na wilaya hiyohiyo ina Mwadui, ambako almasi zilianza kuchimbwa tangu mwaka 1940 alipozigundua John Williamson kutoka Kanada. Yaani vitu viwili ambavyo ulimwengu umevitaka kwetu kwa miongo yote hii vinatoka vikiwa ghafi. Yule kijana wa dawati la nyuma alikuwa na haki ya kuuliza.

Cha pili ni mahali ambapo sikubaliani naye moja kwa moja. Kuna hoja yake maarufu kwamba Mwafrika aliingia kwenye ukoloni na jembe la mkono akatoka nalo. Kwa nchi kwa ujumla, sawa. Lakini Usukumani plau ya ng'ombe ilienea wakati huohuo wa ukoloni, na wakulima walinunua wenyewe kwa fedha za pamba na mifugo. Hawakukaa wakisubiri. Haohao ndio walioanzisha vyama vya ushirika ambavyo mwaka 1955 viliungana kuwa shirikisho kubwa la Kanda ya Ziwa chini ya Paul Bomani, ili wapime pamba yao wenyewe na kuwabana wanunuzi. Ukiwafundisha watoto wa Mhunze hoja ya jembe bila kuwaambia habari ya plau na ushirika, unawafanya waone babu zao walikuwa watu wa kuonewa tu. Nadhani Rodney mwenyewe angefurahia ubishi huo. Hata katika sura ya kwanza ya kitabu alisisitiza kwamba jukumu la mwisho la kujikwamua ni la Waafrika wenyewe. Wanaomtumia kusingizia wazungu kwa kila kitu, mpaka choo cha shule kilichobomoka, hawajamaliza sura ya kwanza.

Mwaka 1974 akaondoka Tanzania. Kwa nini? Kazi alikuwa nayo, heshima alikuwa nayo. Sababu aliyoieleza baadaye inanigusa kuliko zote. Aliona kwamba ili ufanye siasa na watu, lazima uijue lugha yao kwa undani, utani wake, mafumbo yake, namna mtu anavyokataa bila kusema hapana. Kwa Tanzania aliona hatafika huko, atabaki mgeni. Nyumbani kwao anaweza.

Alirudi Guyana kuchukua uprofesa wa historia, na serikali ya Forbes Burnham ikahakikisha hapati. Mtu mwenye PhD na vitabu akabaki bila ajira rasmi, akiishi kwa mihadhara ya nje na uandishi. Akaingia Working People's Alliance, chama kilichojaribu kuwaunganisha Waguyana wenye asili ya Afrika na wenye asili ya India, ambao wanasiasa walikuwa wanawagawa. Julai 1979 alikamatwa na kushtakiwa kwa kuchoma jengo la serikali. Mwaka 1980 alikwenda Zimbabwe kwenye sherehe za uhuru. Usiku wa Juni 13, 1980, akiwa ndani ya gari na mdogo wake Donald, redio ya mawasiliano aliyopewa na askari mmoja ililipuka mapajani mwake. Alikuwa na miaka 38. Donald alinusurika. Ilichukua zaidi ya miaka 30 mpaka tume ya uchunguzi iliyoundwa 2014 ikahitimisha kwamba dola ilihusika.

Sasa twende kwenye kinachonikera. Rodney aliondoka kwa sababu alikosa kitu ambacho mimi na wewe tumezaliwa nacho. Mimi naongea Kisukuma na Kiswahili. Najua mzee wa kwetu akisema amesikia, hajakubali. Halafu nimesimama mbele ya watoto wa Mhunze nawafundisha historia ya pamba yao kwa Kiingereza, wanaitikia kwa pamoja, na nusu yao hawajaelewa. Kipindi kikiisha ndipo wanakuja na Kiswahili na maswali ya maana. Mgeni alitamani lugha yetu ili afundishe siasa, sisi wenye lugha tunaiacha mlangoni mwa darasa.

Sisemi tubadilishe mtaala kesho asubuhi, hilo haliko mikononi mwa serikali ya wanafunzi. Ila kuna vitu viwili tunavyoweza. Kwanza, turudishe darasa la Jumapili. Kikundi cha London hakikuwa na bajeti na cha Mlimani hakikutoa cheti, kilichohitajika ni kitabu kimoja, chumba na watu kumi wanaobishana kwa adabu. Pili, kila anayekwenda BTP au likizo wilayani kwake atoe jioni moja kwa wiki, awasimulie kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani yale anayoyasoma huku, akubali kubishiwa na wakulima. Mhunze nimejaribu mara nne chini ya mwarobaini wa jirani yetu. Mara ya nne wazee walikuwa wanasahihisha tarehe zangu za ushirika.

Chama cha wanafunzi kikikaa kujadili mpango wa mwaka ujao, hoja hii iwekwe kwenye ajenda. Naomba kuwasilisha.