Édouard Lucas

François Édouard Anatole Lucas (Amiens, 4 Aprili 1842 – Paris, 3 Oktoba 1891) alikuwa mwanahisabati na mwalimu kutoka nchini Ufaransa. Anajulikana hasa kwa kuthibitisha mwaka 1876 kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote zilizowahi kuthibitishwa bila msaada wa mashine:

170141183460469231731687303715884105727

Maisha

Lucas alisoma École Normale Supérieure mjini Paris, kisha akafanya kazi katika kituo cha kuchunguzia nyota cha mji huo. Wakati wa vita kati ya Ufaransa na Prussia (1870–1871) alikuwa afisa wa mizinga. Baada ya vita alifundisha hisabati katika shule za sekondari, zikiwemo Saint-Louis na Charlemagne za Paris.

Namba tasa kubwa

Mwaka 1644 mtawa Marin Mersenne alitaja namba za umbo la 2ⁿ − 1 alizodhani ni tasa, zikiwemo zile ambazo n ni 67 na 127. Hakutoa uthibitisho. Kuzikagua kwa kujaribu kigawo kimoja baada ya kingine kungemaliza umri wa mtu kabla ya kazi kwisha.

Lucas alipata njia isiyohitaji kutafuta vigawo. Baadaye Mmarekani Derrick Henry Lehmer aliirahisisha. Mfuatano huanza na 4. Kila namba huzidishwa kwa yenyewe, kisha hutolewa 2: 4, 14, 194, 37634 na kuendelea. Ikiwa n ni namba tasa kubwa kuliko 2, basi 2ⁿ − 1 ni tasa endapo tu inagawanya bila baki namba iliyo katika nafasi ya n − 1. Kwa mfano, 2⁵ − 1 ni 31. Namba ya nne katika mfuatano, 37634, ni sawa na 31 × 1214. Kwa hiyo 31 ni tasa.

Lucas alionyesha pia kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, ingawa hakujua hata kigawo chake kimoja. Vigawo hivyo, 193707721 na 761838257287, vilitajwa na Frank Nelson Cole mwaka 1903. Namba ya tarakimu 39 ilibaki namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi mwaka 1951.

Mnara wa Hanoi

Mwaka 1883 Lucas alitoa mchezo wa Mnara wa Hanoi, ambao visahani huhamishwa kimoja kimoja bila kuweka kikubwa juu ya kidogo. Visahani 64 huhitaji hatua zisizopungua 2⁶⁴ − 1. Kwa hatua moja kila sekunde, kazi hiyo ingechukua zaidi ya miaka bilioni 580.

Kifo

Akiwa katika karamu ya mkutano wa wanasayansi mjini Marseille, sahani zilianguka na kipande kikamkata shavuni. Jeraha lilipata maambukizi, naye akafariki siku chache baadaye akiwa na umri wa miaka 49.

Njia yake bado inatumiwa na kompyuta. Ndiyo iliyothibitisha namba tasa 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320, iliyotangazwa mwaka 2024.