Shaaban Robert: karani wa mkoloni aliyeandika Kusadikika

Kusini mwa mto Ruvuma, katika pwani ya Cabo Delgado kuanzia Palma hadi Mocímboa da Praia, Kiswahili huzungumzwa na watu wengi ambao kwao ni Wamwani au Wamakonde. Kwa wasomaji wa huko, mjadala kuhusu Shaaban Robert una uzito wa pekee. Mwandishi huyo, anayehesabiwa kuwa mwanafalsafa wa Kiswahili, alikuwa na asili ya Wayao, kabila lililoenea Msumbiji, Malawi na Tanzania. Anayeupima Uswahili kwa nasaba atamwona mgeni. Yeye alijiita Mswahili, na kazi yake ikawa hati yake ya umiliki.

Alizaliwa Januari 1, 1909, katika kijiji cha Vibambani, Tanga. Baada ya masomo Dar es Salaam, mwaka 1926 aliajiriwa na serikali ya kikoloni kuwa karani wa forodha huko Pangani. Vita Kuu ya Pili vilipopiganwa, alitunga utenzi mrefu uliowaunga mkono Waingereza na washirika wao. Baadaye akatunukiwa nishani ya Dola ya Uingereza. Kwa wanaomwita kibaraka, ushahidi huo unatosha.

Hautoshi. Mwaka 1951, miaka kumi kabla ya uhuru wa Tanganyika, alichapisha Kusadikika, riwaya ya nchi inayoelea angani. Humo Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kueneza elimu ya sheria. Katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini kutafuta yanayoifaa nchi. Kila mmoja alirudi na ujumbe wa manufaa, na kila mmoja akafungwa gerezani. Mkoloni hatajwi popote, na pengine ndiyo sababu kitabu kilichapishwa na kampuni ya Kiingereza bila kizuizi. Hata hivyo, msomaji wa Tanganyika wa wakati ule hakuhitaji kuambiwa ni serikali gani isiyosikiliza raia wake. Kufikirika, aliyoiandika mwaka 1946, ilisubiri hadi 1967 kuchapwa, miaka mitano baada ya kifo chake cha Juni 1962.

Lawama iliyo ngumu zaidi kumtetea ni ya kifasihi. Euphrase Kezilahabi, ambaye riwaya zake mwenyewe zilizusha ghasia, aliona vyema kumfanyia utafiti mzima wa shahada ya uzamili mwaka 1976. Wahakiki wa kizazi hicho walitaka wahusika wenye damu na nyama. Wa Shaaban Robert mara nyingi ni maadili yaliyovikwa kanzu, na majina yao hutangaza tabia zao kabla hawajafumbua kinywa. Utubora, anayeacha kazi ya mjini ili akalime, hana hata kasoro moja ya kumfanya afanane na jirani yetu.