Gustave Trouvé, Mfundi wa Taa Ndogo

Tukiwa katika kutayarisha michezo ya mwisho wa mwaka, kila darasa linataka kitu chenye kuwaka: nyota, taji, upanga. Tunatoa LED katika torshi mbovu, tunaifunga kwenye batri bila kupima kitu, inawaka sana, kiisha inakufa. Kumbe kuna mtu aliyepigana na taabu ya namna hii tangu zamani. Jina lake Gustave Trouvé, na wakati wake Paris yote ilimjua.

Alizaliwa tarehe 2 mwezi wa kwanza 1839 katika mji mdogo wa La Haye-Descartes, Ufaransa. (Ndipo alipozaliwa Descartes yule wa falsafa, mwaka 1596.) Baba yake alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Kijana aliingia masomo ya ufundi huko Angers, lakini mwili wake ulikuwa zaifu, akaacha kabla ya kumaliza. Akaenda Paris, akatumika kwa mfundi wa saa. Saa zilimfundisha kufanya kazi kubwa katika nafasi ndogo.

Mwaka 1865 alitengeneza batri ndogo iliyofungwa kabisa ndani ya ebonite, ule mpira mgumu. Zinki na makaa yalikaa sehemu ya juu tu, na maji makali yalikaa chini. Batri ikisimama wima, maji hayagusi kitu, hakuna umeme. Ukiilaza, maji yanagusa, umeme unapita. Ninaona hii ni akili sana: batri haichoki bure mfukoni, na asidi haimwagiki juu ya nguo. Akaitumia kwa pini za nguo: sungura anayepiga ngoma, kichwa cha mfu kinachogeuza macho na kutafuna meno. Watu walicheka, lakini walinunua.

Sasa kwa nini taa katika mavazi ya mchezo? Zamani teatri ziliwashwa na gazi. Mwezi wa kumi na moja 1862, katika Opera ya Paris, mchezaji kijana Emma Livry alikuwa katika mazoezi, sketi yake ikashika moto wa taa. Aliteseka miezi minane, akafa mwaka 1863, akiwa na miaka 20. Kumvika mchezaji kitu chenye kuwaka haikuwa jambo la kuchezea.

Baada ya ampuli ya umeme kupatikana, Trouvé aliweka ampuli ndogo sana ndani ya vioo vilivyochongwa kama mawe ya bei. Batri ilifichwa ndani ya vazi. Wachezaji wa La Farandole pale Opera walivaa vito vyake, na mwaka 1884 wanawake hamsini waliovaa kama askari waliwaka hivyo katika teatri ya Empire huko London.

Lakini kazi yake ninayoipenda zaidi ni ile ya waganga. Mwenzake Gaston Planté alikuwa amevumbua mwaka 1859 batri ya risasi inayoweza kujazwa tena. Trouvé aliitumia kuwasha uzi wa platini wa kuangazia ndani ya kinywa na koo. Taabu ilikuwa hii: umeme kidogo, uzi hauangazi, umeme mwingi, uzi unayeyuka mbele ya mgonjwa. Basi akaweka kati yake reostati ya kupunguza umeme, na galvanometa ya kuona ni umeme gani unapita.

Ndivyo inavyotupasa kufanya na LED. Chukua majiwe manne ya kujaza, yale ya volti 1,2: jumla volti 4,8. LED nyeupe inataka karibu 3,2. Ile 1,6 inayobaki lazima ipate mahali pa kwenda, nayo ni rezistansi. Kwa LED ndogo ya miliamperi 20 tunagawanya 1,6 kwa 0,020, tunapata omu 80. Tunachukua ya 82. LED kubwa ya wati moja inakula karibu miliamperi 350, hiyo inataka pia bati la kutoa joto. Na batri ya telefoni, ncha zake zikigusana, inaweza kushika moto kweli. Usiifiche katika vazi la mtu bila fyuzi.

Mwaka 1881 Trouvé aliendesha baiskeli ya magurudumu matatu yenye batri za kujaza katika njia ya Valois huko Paris, kiisha mtumbwi wenye motere juu ya mto Seine. Mwaka 1883, pamoja na daktari Hélot, alitengeneza taa ya kufunga kwenye paji la uso. Hakuoa, wala hakukimbilia utajiri.

Mtu huyu aliyelinda wengine na moto na asidi aliuawa na kidonda kidogo. Alijikata mkononi akiwa kazini, damu ikaoza, akafa tarehe 27 mwezi wa saba 1902 katika hospitali ya Saint-Louis, miaka 63. Makaratasi yake yaliungua katika moto mwaka 1980. Pini moja ya kichwa cha mfu ingali katika makumbusho ya Victoria and Albert, London.