Masinde Muliro ni kielelezo kwa wanafunzi wetu

Mtihani wa kitaifa unapokaribia, taa za mabweni huwaka hadi usiku wa manane. Wanafunzi ambao tangu Januari waliyatupia madaftari jicho la pembeni sasa huyang'ang'ania kama mfa maji. Nimeyaona hayo katika shule za Kitale na za Bungoma, na sidhani kwingine hali ni tofauti. Wako wanaotumbukiza miguu katika maji baridi ili usingizi usiwachukue. Nionavyo mimi, huko si kusoma bali ni kujitesa, na mwalimu anayekusifu kuwa ni bidii anampotosha mwanafunzi.

Badala ya kukemea tu, napenda kuwakumbusha wasomaji maisha ya mtu aliyetoka katika udongo huu huu, marehemu Henry Pius Masinde Muliro. Wengi humjua kama mwanasiasa. Mimi nataka tumtazame kwanza kama mwanafunzi, kisha kama mwalimu.

Muliro alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Matili, Kimilili, sehemu ambayo leo imo katika kaunti ya Bungoma. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na kaka yake. Alipitia shule za Wakatoliki, kisha akavuka mpaka kwenda Uganda na kumaliza masomo ya sekondari katika Chuo cha St. Peter's, Tororo. Mwaka 1949 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, kusomea historia, falsafa na elimu. Chama cha Makaburu kilikuwa kimeshika serikali mwaka mmoja tu kabla ya hapo, na sheria za ubaguzi wa rangi zilikuwa zikitungwa moja baada ya nyingine. Alirejea nyumbani mwaka 1954 akiwa na shahada.

Hebu tufanye hesabu. Kijana huyu aliingia chuo kikuu akiwa na umri wa miaka 27 hivi, na alipotoka alikuwa amekwisha kupita 30. Katika umri huo wenzake wa kijijini walikuwa na watoto na mashamba. Mtu wa namna hiyo, yatima, ugenini, katika nchi ambayo sheria zake zilimhesabu kuwa duni, hangeweza kufika mwisho kwa kusoma usiku mmoja kabla ya mtihani. Safari ndefu kama hiyo hutembewa kwa hatua za kila siku.

Hapa ndipo penye funzo, hasa kwa wale wanaodhani wakati umewapita. Wako vijana wetu waliokatiza masomo kwa kukosa karo, na wasichana waliojifungua wakaona haya kurudi darasani kuketi na wadogo zao. Maisha ya Muliro yanawaambia kwamba kuchelewa si kushindwa.

Wahenga walisema chururu si ndo ndo ndo. Wataalamu nao wamelithibitisha. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kwamba jambo lililokaririwa husahaulika upesi katika saa chache za kwanza, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hufaa kuliko marudio mengi ya mkupuo mmoja. Mkulima wa Trans Nzoia hahitaji kuambiwa hayo. Hupanda mahindi mvua za Machi na Aprili zinapoanza, akapalilia, akatia mbolea, akangoja. Mavuno huja Oktoba na Novemba, majira yale yale ya mitihani. Nani amewahi kumwona mkulima akipanda usiku wa kuamkia mavuno?

Basi mwanafunzi na ajiwekee saa maalumu ya kusoma kila siku, hata ikiwa ni moja tu. Akimaliza sura, afunge kitabu na aandike kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Baada ya siku tatu arudie, na baada ya juma arudie tena. Amfundishe mwenzake, kwani asiyeweza kueleza hajaelewa. Usiku alale. Nao walimu watoe majaribio mafupi kila juma, wasingoje mtihani wa mwisho wa muhula.

Muliro mwenyewe alikuwa mwalimu. Alifundisha katika shule ya wasichana ya Alliance, kisha katika chuo cha ualimu cha Siriba, hadi mwaka 1957 alipochaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Baadaye alikuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa KADU, akawa waziri, na akawawakilisha watu wa Trans Nzoia bungeni. Mwaka 1975, ripoti ya kamati iliyochunguza mauaji ya J.M. Kariuki ilipofikishwa bungeni, aliiunga mkono kinyume cha msimamo wa serikali aliyoitumikia, akapoteza uwaziri. Mwaka 1991 alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD waliodai mfumo wa vyama vingi. Alifariki tarehe 14 Agosti 1992 katika uwanja wa ndege wa Nairobi, akirejea kutoka London. Leo chuo kikuu kilichoko Kakamega kina jina lake.

Sitaki kudai kwamba kila asomaye kwa utaratibu atakuwa waziri. Ninalosema ni kwamba aliyezoea kupima jambo pole pole na kulielewa mwenyewe huwa na akili isiyoyumbishwa kwa urahisi, si na mtahini wala na mkubwa wa kazi. Aliyezoea kukariri usiku mmoja husahau kabla matokeo hayajatoka. Muhula ungali mchanga, na mwanafunzi mwenye busara ataanza leo jioni.