Apolo Kivebulaya: Mtumishi Aliyerudi Alikofukuzwa

Somo la wiki: Matendo 16:6–40

Tunaendelea na mada yetu ya kukubali kuongozwa na Mungu kila siku. Katika somo letu Paulo anaonyeshwa maono ya Makedonia, anatii mara moja, na baada ya siku chache yuko jela Filipi, miguu ndani ya mikatale. Wengi wetu tungesema hapo alisikia vibaya. Tumezoea hivyo: mlango ukifunguka, ni Mungu, ukifungwa, basi si Mungu. Wiki hii tuangalie mtumishi wa hapa kwetu Afrika Mashariki ambaye hakupima uongozi wa Mungu kwa milango.

Apolo alizaliwa Buganda karibu mwaka wa 1864. Ujanani alipitia Uislamu, akapitia na uaskari, kabla ya kumpa Yesu maisha yake. Alibatizwa mwaka wa 1895. Watu walimbandika jina Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya koti jekundu alilopenda kuvaa juu ya kanzu. Lakini aliyokuwa nayo hayakutoka Ulaya. Alikuwa amesikia Mungu akimtuma, basi.

Alianza kazi Toro. Mwaka wa 1896 akavuka mto Semliki, ng'ambo ya milima ya Ruwenzori, mpaka Boga. Walimu wawili walikuwa wametangulia huko, wakashindwa kwa kunyimwa chakula. Chifu wa Boga, Tabaro, hakutaka habari ya dini hii mpya. Apolo naye alipata yale yale: njaa, matusi, na kipigo.

Halafu likaja jaribu kubwa. Mwanamke mmoja wa jamaa ya chifu aliangukia mkuki akafa. Ilikuwa ajali, lakini lawama ikawekwa juu ya Apolo. Akafungwa, akapelekwa mpaka Fort Portal, akatiwa jela kwa damu ambayo hakuimwaga. Mle ndani, usiku, alimwona Bwana Yesu akiwaka kama jua, akimtia moyo asiogope kwa sababu hayuko peke yake.

Kesi ilikosa ushahidi, akaachiliwa. Sasa hapo ndipo pa kuangalia, mpendwa. Njia ya kurudi nyumbani Buganda ilikuwa wazi. Hakuna mtu angemlaumu. Angeweza hata kusimama ibadani atoe ushuhuda kwamba Mungu amemfungulia mlango wa kutoka Boga. Yeye akageuka, akarudi Boga, kwa chifu yule yule. Tabaro alishangaa mtu wa namna gani huyu. Mwishowe chifu mwenyewe aliokoka, akabatizwa, akaitwa Paulo.

Lakini tusidhani Apolo alikuwa mkaidi tu. Baadaye viongozi wa kanisa walimtoa Boga wakampanga Toro, naye akakubali. Alitumika huko miaka mingi, akafanywa shemasi mwaka wa 1900 na kasisi mwaka wa 1903. Mpaka wa nchi ulipobadilishwa, Boga ikawa upande wa Kongo ya Wabelgiji, na kundi lile likabaki bila mchungaji wa karibu. Apolo, mwenye umri wa zaidi ya miaka 50, akavuka tena. Mwaka wa 1921 Bwana akamwonyesha msitu wa Wambuti, watu ambao wengi waliwadharau. Akaingia msituni, akajifunza lugha yao, akafanya kazi ya kuwatafsiria Injili ya Marko. Alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kuzikwa kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliagiza chake kielekee magharibi, upande wa msitu, kwa maana kazi ilikuwa bado.

Tunajifunza nini? Kwanza, shida si ushahidi kwamba Mungu hakukutuma. Wewe unayepanda matatu Uthiru ama Kangemi kabla jua halijatoka, ukafika tauni ukachekwa kazini kwa kukataa risiti ya uongo, hujapotea njia. Pili, nafasi nzuri si lazima iwe sauti ya Mungu. Mshahara mkubwa unaokula kila Jumapili yako, na familia pia, uombee kwanza kabla ya kuuita baraka. Tatu, shika neno la mwisho ulilopewa mpaka upewe lingine. Apolo hakuonyeshwa miaka yake yote kwa siku moja. Alipewa Boga, msitu ulikuja baadaye.

Basi Boga yako ni wapi? Labda ni jirani wa ploti huko Kawangware ambaye hamsalimiani tangu Krismasi. Labda ni ndugu yako aliyekudhulumu shamba, na Roho Mtakatifu amekusukuma umpigie simu, nawe unasema unangoja ishara.

Tueleweke vizuri. Hatumwambii dada anayepigwa nyumbani arudi kupigwa ati ndio utii. Apolo alirudi kwa kutumwa na Mungu, si kwa kulazimishwa na aliyemuumiza. Kama maisha yako yako hatarini, tafuta mahali salama kwanza, na uone mchungaji ama wazee wakusaidie.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani: Ni neno gani la mwisho ambalo Mungu alikuambia, na hujalifanya bado? Ni mlango gani unaouita wa Mungu kwa sababu tu ni rahisi?

Tuombe: Baba, tumechoka kukupangia. Tuongoze leo, hata kama ni hatua moja tu. Ukituambia twende, tupe miguu. Ukituambia turudi, tuondolee aibu na hofu. Katika jina la Yesu, Amina.